Sisimizi kichwa-kikubwa katika Laikipia

Sisimizi kichwa-kikubwa (jina la kisayansi: Pheidole megacephala) ni spishi ya sisimizi katika nusufamilia Myrmicinae ya familia Formicidae. Ni spishi vamizi iliyoenea katika nchi nyingi za tropiki, na imo katika orodha ya spishi vamizi 100 zinazodhuru zaidi duniani, iliyotungwa na wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN). Katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya sisimizi huyu amekuwa akiingia katika nyika za migunga tangu mwanzo wa karne ya 21. Athari zake huko zimefuatiliwa na wanasayansi hatua kwa hatua: kutoka sisimizi wenyeji hadi mti wanaokaa, kutoka mti hadi tembo, na kutoka tembo hadi simba na punda milia. Matokeo kuhusu simba yalichapishwa katika jarida la Science mnamo Januari 2024.

Mahali na mti

Laikipia ni uwanda wa juu upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, penye mashamba makubwa ya mifugo, ardhi ya jamii za wafugaji na hifadhi za wanyamapori. Tafiti nyingi zinazoelezwa hapa zilifanyika katika sehemu mbili: Kituo cha Utafiti cha Mpala na hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na mji wa Nanyuki. Eneo la Ol Pejeta ni takriban kilomita za mraba 360.

Sehemu kubwa ya uwanda huu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wenyeji huuita udongo wa pamba. Mvua ikinyesha hunasa magari, na jua likiwaka hupasuka nyufa pana. Miti michache tu huweza kustawi katika udongo unaovimba na kusinyaa namna hiyo. Mmoja ni mgunga wenye jina la kisayansi Vachellia drepanolobium, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Acacia drepanolobium. Mahali pengi penye udongo huo miti karibu yote ni ya spishi hii moja, kwa hiyo lolote linaloupata mgunga huu hubadilisha sura ya nchi nzima.

Si mti mkubwa. Mingi haimzidi mtu kwa kimo, au humzidi kidogo tu. Una miiba mirefu, myeupe na myembamba kama ya migunga mingine, lakini baadhi ya miiba huvimba kwenye shina lake na kuwa kama kibuyu kidogo kilicho kitupu ndani. Mavimbe haya huwa laini yakiwa machanga, kisha hukauka na kuwa meusi na magumu. Watu wengi hudhani kwamba yanasababishwa na wadudu, kama vivimbe vinavyoonekana kwenye majani ya miti mingine. Sivyo. Mti huyaotesha wenyewe, hata pale pasipo na sisimizi. Kazi ya sisimizi ni kutoboa mlango tu. Upepo unapopita juu ya matundu hayo hutoa sauti ya mluzi, na ndiyo sababu mti huu unajulikana na wageni kama mgunga unaopiga mluzi.

Zaidi ya nyumba, mti hutoa chakula. Kwenye vikonyo vya majani kuna tezi ndogo zinazotoa mbochi, ambao hauhusiani na maua wala uchavushaji. Ni posho ya walinzi.

Wapangaji wanne

Sisimizi wa spishi nne huishi juu ya mgunga huu katika Laikipia, na kwa kawaida mti mmoja huwa na spishi moja tu. Tatu ni za jenasi Crematogaster: C. mimosae, C. nigriceps na C. sjostedti. Ya nne ni Tetraponera penzigi. Hugombania miti bila kukoma. Matawi ya miti miwili yakigusana, koloni moja huweza kuvuka na kupigana na nyingine mpaka mojawapo imalizike au ifukuzwe. Todd Palmer, mwanaekolojia wa Chuo Kikuu cha Florida aliyefanya utafiti Laikipia tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba katika vita hivyo kuna ngazi: C. sjostedti humshinda C. mimosae, ambaye humshinda C. nigriceps, naye T. penzigi ni wa mwisho.

Spishi hizi zinaishi maisha tofauti sana, na mti haupati faida ileile kwa kila moja. C. mimosae ndiye aliye wengi kuliko wote. Hulea makinda yake ndani ya mavimbe, hunywa mbochi na huulinda mti kwa ukali. C. nigriceps pia ni mkali, lakini ana tabia ya kukata machipukizi ya pembeni, hata mti hushindwa kutoa maua. Inadhaniwa kwamba hufanya hivyo ili matawi yasisambae na kuugusa mti wa jirani mwenye maadui. T. penzigi huharibu tezi za mbochi, na ulinzi wake ni hafifu. C. sjostedti, mbabe wa wote, hakai ndani ya mavimbe. Huishi katika mashimo yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina, kwa hiyo mashambulizi ya mbawakawa dhidi ya mti ni neema kwake.

Kwa hesabu ya haraka mtu angesema kwamba ni C. mimosae pekee aliye mshirika wa kweli na wengine ni wanyonyaji. Utafiti wa Palmer na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulitoa jibu jingine. Mti huishi miaka mingi na hubadilisha wapangaji mara kadhaa katika maisha yake. Wakifuatana hao wote, hata yule anayeunyima maua wakati wa ujana, mti hufaulu kuzaa zaidi kuliko kama ungekaa na spishi moja maisha yote, kwa sababu kila spishi hugharimu na kulinda kwa kiasi tofauti katika umri tofauti wa mti.

Tembo na sisimizi

Tembo mzima huweza kula zaidi ya kilogramu 100 za majani, nyasi, matawi na magome kwa siku, na miiba haimzuii sana. Lakini sisimizi humzuia. Mnyama anapoligusa tawi, C. mimosae hutoka kwa mamia, hupanda juu yake na kuuma mahali penye ngozi laini, na kisha hawaachi. Kwa tembo mahali hapo ni ndani ya mkonga, ambapo kuna neva nyingi na ambapo hawezi kujikuna.

Jambo hili lilipimwa na Jacob Goheen pamoja na Palmer, wakatoa matokeo mwaka 2010. Waliwapa tembo wachanga waliokuwa wakilelewa Tsavo matawi ya migunga ya namna mbili: mgunga wa mavimbe, na spishi nyingine isiyo na sisimizi ambayo tembo hupenda kuila. Matawi ya mgunga wa mavimbe yalipoondolewa sisimizi, tembo waliyala sawasawa na yale mengine. Kumbe ladha si mbaya hata kidogo. Spishi ile nyingine ilipowekewa sisimizi, waliiepuka. Kisha watafiti walipunguza sisimizi kwenye miti iliyosimama porini, na baada ya mwaka mmoja miti hiyo ilikuwa imeharibiwa na tembo kuliko ile iliyobaki na walinzi wake. Picha za satelaiti za miaka 2003 hadi 2008 ziliafikiana na majaribio hayo: katika udongo wa kichanga, ambako migunga ya mavimbe haioti, tembo walipunguza miti, lakini kwenye udongo mweusi miti ilibaki kama ilivyokuwa.

Twiga ana uvumilivu zaidi. Hutumia ulimi wake mrefu kuwafagia sisimizi, ingawa Derek Madden na Truman Young waliripoti mwaka 1992 kwamba ndama wa twiga husumbuliwa na sisimizi kuliko wakubwa wao.

Walinzi wenyewe hujuaje kwamba adui amefika, wakati matawi hutikisika siku nzima kwa upepo? Felix Hager na Kathrin Krausa wa Ujerumani walichunguza swali hilo nchini Kenya na kuchapisha jibu mwaka 2019. Mnyama anapotafuna majani, mtetemo hupita ndani ya mbao hadi upande wa pili wa mti. Sisimizi huutofautisha na ule wa upepo, na hukimbia kuelekea upande unakotoka.

Ua wa mwaka 1995

Mwaka 1995 Truman Young alianzisha Mpala jaribio ambalo linaendelea hadi leo. Viwanja 18 vya hekta 4 kila kimoja vilitengwa kwa nyua za namna mbalimbali: vingine huzuia wanyama wote wakubwa, vingine huzuia tembo na twiga tu, vingine huruhusu ng'ombe na kuzuia wanyamapori, na vingine viko wazi. Kwa njia hiyo inawezekana kujua kila kundi la wanyama linafanya nini kwa mimea.

Palmer na wenzake walirudi kwenye nyua hizo baada ya miaka kumi wakitazama migunga, na makala yao ya mwaka 2008 ilikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mtu angefikiri kwamba mti usioliwa na tembo wala twiga utanawiri. Ulidhoofika. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiula, mti ulipunguza posho: tezi za mbochi zikawa chache, na mavimbe mapya pia. C. mimosae, akikosa chakula, alifuga wadudu-gamba wengi zaidi. Hao hufyonza utomvu wa mti na kutoa majimaji matamu ambayo sisimizi hunywa. Ulinzi wake ukalegea, naye akaanza kunyang'anywa miti na C. sjostedti. Mbabe huyo alipohamia, mbawakawa wakatoboa mashina bila kuzuiwa. Miti yake ilikua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile ya C. mimosae.

Matokeo haya yana uzito kwa yeyote anayefikiri kwamba ua peke yake ni uhifadhi. Pia yalionyesha jinsi mapatano kati ya mti na sisimizi yanavyotegemea mtu wa tatu, yaani mnyama anayekula, na kwamba yakivunjika upande mmoja huvunjika haraka upande mwingine.

Mgeni

Wakati nyua zile zikichunguzwa, uvunjaji wa namna nyingine ulikuwa umeshaanza kusini mwa Laikipia. Sisimizi kichwa-kikubwa ni mdogo: mfanyakazi wa kawaida ana urefu wa milimita 2 hivi, na askari, mwenye kichwa kikubwa kisicholingana na mwili ambacho kilimpatia jina, hufikia milimita 4. Alielezwa kwa mara ya kwanza na Mdenmark Johan Christian Fabricius mwaka 1793 kwa vielelezo vya Mauritius, na wengi hudhani kwamba asili yake ni visiwa vya Bahari ya Hindi au sehemu nyingine ya Afrika. Husafiri na binadamu. Udongo wa miche, shehena, vifaa vya ujenzi na takataka vyote humbeba.

Akishafika, huenda kwa miguu. Malkia wapya kwa kawaida hawarukii mbali ili kuanzisha koloni, bali huondoka na kundi la wafanyakazi na kuhamia hatua chache tu. Tena koloni jirani hazipigani. Malkia ni wengi, viota huungana chini ya ardhi, na matokeo yake ni jamii moja kubwa isiyo na mipaka ndani yake. Katika Laikipia ukingo wa uvamizi husogea kadiri ya mita 50 kwa mwaka. Ni mwendo wa kobe, lakini haurudi nyuma. Kwa watafiti mwendo huo una faida yake: upande mmoja wa mstari kuna sisimizi wageni, upande wa pili hawapo, na udongo, mvua na wanyama ni vilevile.

Mgeni hupanda mgunga kwa wingi, huingia ndani ya mavimbe na kuwaua Crematogaster, hula mayai, mabuu na watu wazima wao. Ukali uliowafukuza tembo haumsaidii mwenyeji dhidi ya adui mdogo kuliko yeye na asiyehesabika. Baada ya kuutwaa mti mvamizi haulindi. Kiota chake kiko ardhini, na mti kwake ni mahali pa kutafutia chakula. Kati ya wapangaji wanne ni T. penzigi, yule mnyonge wa ngazi ya mwisho, ambaye huweza kusalimika. Milango anayotoboa katika mavimbe ni midogo sana, naye hujifungia ndani badala ya kutoka kupigana. Mti wenye walinzi wa namna hiyo lakini hauna ulinzi wa kutosha.

Methali husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa waliopigana ni sisimizi, na tembo ndiye aliyemaliza kazi. Corinna Riginos na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba katika maeneo yaliyovamiwa tembo walivunja na kula migunga kwa kiwango cha mara tano hadi saba kuliko katika maeneo ambayo mvamizi hajafika. Mti mdogo uliovunjwa unaweza kuchipua, lakini ukivunjwa tena na tena hufa. Pale palipokuwa na kichaka kizito cha migunga huwa wazi, na nyasi tu hubaki.

Simba, punda milia na umbali wa kuona

Douglas Kamaru, mwanasayansi Mkenya aliyefanya kazi Ol Pejeta kabla ya kwenda kusomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming nchini Marekani, aliuliza swali linalofuata: nchi ikifunguka, mwindaji atafanyaje? Alishirikiana na Goheen, Palmer, Riginos na wengine wengi, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watumishi wa hifadhi yenyewe. Wanafunzi wa Afrika Mashariki watatambua kwamba majina mengi katika orodha ya waandishi wa makala ile ni ya Wakenya, jambo ambalo bado si la kawaida katika majarida ya aina hiyo.

Simba hana mbio za kumfuata punda milia umbali mrefu. Uwindaji wake ni wa kuvizia: hujongea akiwa amejificha mpaka afike karibu kabisa, kisha huruka. Kwa hiyo kichaka ni sehemu ya silaha yake kama yalivyo makucha. Punda milia kwa upande wake anategemea kumwona adui mapema. Mstari wa hoja ni rahisi kuusema: sisimizi wageni huondoa walinzi, tembo huondoa miti, miti ikiondoka punda milia huona mbali, na simba hushindwa. Kuuthibitisha ni kazi nyingine, kwa sababu kila kiungo cha mnyororo huo kinaweza kuwa na maelezo mengine.

Kundi la Kamaru lilitumia njia tatu kwa pamoja. Kwanza viwanja 12 vya mita za mraba 2,500 kila kimoja viliwekwa, nusu katika maeneo yaliyovamiwa na nusu katika maeneo yasiyovamiwa, vingine vikizungushiwa ua wa kuwazuia wanyama wakubwa na vingine vikiachwa wazi. Hapo ingeonekana kama sisimizi peke yao huondoa miti au ni sisimizi pamoja na tembo. Pili, simba jike sita kutoka makundi mbalimbali walivishwa mikanda ya shingoni yenye GPS, ili mienendo yao ijulikane. Tatu, watafiti walikwenda mahali simba walipoua na kuchunguza mizoga: ni mnyama gani, aliuawa wapi, na mtu akisimama pale anaona umbali gani.

Jibu lilikuwa wazi. Katika maeneo yaliyovamiwa ambako tembo waliweza kufika, umbali wa kuona ulikuwa mara 2.67 ya ule wa maeneo yasiyovamiwa. Ndani ya nyua, ambako tembo hawaingii, sisimizi wageni hawakufungua nchi kwa namna hiyo. Na uwezekano wa punda milia kuuawa na simba ulikuwa mara 2.87 zaidi katika maeneo ambayo mvamizi hajafika. Watafiti walizingatia pia wingi wa punda milia na mahali simba walipopendelea kutembea, lakini kilichoeleza tofauti hiyo ni uwazi wa nchi.

Hapo ingetarajiwa kwamba simba wangepungua. Hawakupungua. Kumbukumbu za hifadhi zilionyesha kwamba mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba, na mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Katika muda huohuo sehemu ya nyati ilipanda kutoka sifuri hadi asilimia 42. Yaelekea simba walibadilisha mawindo.

Badiliko hilo lina bei. Nyati dume huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilogramu 700, yaani zaidi ya mara mbili ya punda milia, na nyati hawakimbii tu: husimama pamoja, hurudi kumwokoa mwenzao, na wakati mwingine humuua simba. Kumwangusha kunahitaji simba wengi zaidi na muda mrefu zaidi. Hivyo idadi isiyobadilika ya simba haina maana kwamba hakuna kilichobadilika. Nyati wanaopungua watawapunguzia simba chakula, na simba wanaolazimika kuwinda kwa makundi makubwa watagawana nyama kwa namna tofauti. Makala ya 2024 iliyaacha maswali haya kwa tafiti zinazofuata, na ndivyo ilivyopasa, maana miaka 20 si mingi katika maisha ya mfumo wa ikolojia.

Wengine wanaoutegemea mgunga

Habari za simba zilisambaa duniani, lakini kuna wanyama walio karibu zaidi na mti kuliko yeye. Faru weusi hula majani na matawi ya mgunga wa mavimbe, na Ol Pejeta ni mojawapo ya hifadhi zenye faru weusi wengi katika Afrika Mashariki. Hao hawawezi kuhamia nyasi, kwa kuwa ni walaji wa vichaka kwa maumbile yao. Twiga nao huutegemea, na ndege kadhaa hujenga viota katikati ya miiba yake.

Binadamu pia yumo. Wafugaji hutumia matawi yake ya miiba kwa maboma ya mifugo, na katika Laikipia ni mti wa kuni na mkaa: huchipua tena ukikatwa vizuri, na mbao zake huwaka kwa moto mkali. Kisha kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Patrick Milligan na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba miti iliyovamiwa hunasa kaboni kidogo kuliko mingine, hata pale tembo walipozuiwa kuifikia. Kwa hiyo mvamizi huudhuru mti moja kwa moja, mbali na kumfungulia tembo mlango. Nyika ambayo karibu miti yake yote ni ya spishi moja haina mti wa akiba wa kushika nafasi.

Udhibiti

Sisimizi kichwa-kikubwa anaweza kuangamizwa akiwa bado mahali padogo. Nchini Australia aliondolewa kabisa katika Hifadhi ya Taifa ya Kakadu kwa chambo chenye sumu, kama ilivyoripotiwa mwaka 2004. Chambo hicho ni punje zilizolowekwa mafuta ambazo wafanyakazi huzibeba wenyewe hadi kiotani na kuwalisha malkia, na sumu hufanya kazi polepole ili isiue mchukuzi kabla hajafika. Ile tabia inayomfanya mvamizi awe wa kutisha, yaani malkia wengi wanaolishwa na jamii moja isiyo na mipaka, ndiyo inayosaidia sumu kuenea. Na kwa kuwa koloni husogea kwa miguu, mahali palipotakaswa hapavamiwi tena isipokuwa kutoka kwa jirani au kwa mizigo ya watu.

Laikipia kuna ugumu wake. Eneo lililovamiwa si shamba moja lenye uzio, na sumu inayoliwa na sisimizi mgeni huweza kuliwa na wenyeji pia, wakiwamo haohao Crematogaster ambao kazi yote inafanywa kwa ajili yao. Kwa hiyo mkazo umewekwa zaidi katika kuzuia sehemu mpya zisishike: kukagua miche, udongo na vifaa vya ujenzi kabla havijaingizwa katika hifadhi, na kuchunguza kwanza mazingira ya nyumba, kambi za watalii na barabara, kwa sababu mara nyingi uvamizi huanzia hapo. Kwenye ukingo unaosogea njia rahisi ya kujua mvamizi amefika wapi ni kulitikisa tawi la mgunga. Mti wenye C. mimosae hujibu mara moja. Mti uliovamiwa hukaa kimya.